Pampu ya Gari Jekundu

Sili ya kwanza ilivunjika Alhamisi asubuhi. Nafuna alikuwa ndani, mguu kwenye kanyagio la cherehani, aliposikia mlio mdogo barazani, kama kikombe kilichogonga sakafu ya saruji. Aliinua mguu, akangoja amsikie mumewe akilaani au akimwita. Hakusikia kitu.

Alipotoka alimkuta Wangila ameketi kwenye kigoda mbele ya jiliwa lake la kubania vyuma, mikono ameibana katikati ya magoti kama mtu mwenye baridi, ingawa jua lilikuwa limeshakausha nguo zote kwenye kamba. Pampu ya maji ya gari la mteja wake Ocira ilikuwa juu ya gazeti, imefumuliwa: gamba lake la alumini, shafti na beringi mpya, puli, na kile kigurudumu chenye mapanga kinachosukuma maji. Chini ya kigoda kulikuwa na vipande viwili vyeusi vya sili, ile pete inayozuia maji yasivuje.

"Imeteleza," alisema Wangila.

"Nimesikia."

"Ilikuwa na mafuta. Yule aliyeniuzia aliishika kwa mikono michafu."

Mikono ya muuzaji Nafuna hakuijua, lakini hii aliijua. Tangu mwaka jana ule wa kulia ulikuwa ukitetemeka wenyewe. Ulianzia kwenye kidole gumba na cha shahada vilivyosuguana bila kuambiwa, kisha kiganja, sasa mkono mzima mpaka kwenye kiwiko. Hospitalini waliambiwa jina refu la ugonjwa, wakaambiwa hauponi, unatulizwa tu kwa vidonge vya kila siku. Wangila alimeza vya mwezi mmoja akaacha. Kwenye gereji alikokuwa fundi kwa miaka ishirini na miwili aliaga mwenyewe kabla hawajamwona, akasema amechoka kuajiriwa. Hata Nakhisa, binti yao aliyekuwa Nairobi, hakuambiwa.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza Nafuna.

"Moja."

Gari lenyewe lilikuwa uani, limefunikwa turubai. Lilikuwa gari la mbio, jekundu, la milango miwili, lililotengenezwa wakati Wangila akiwa bado darasa la pili huko Bungoma, Kenya. Ocira alikuwa ameachiwa na kaka yake, aliyekuwa akishindana nalo kwenye barabara za vumbi mpaka alipougua akafa. Pampu yake haikuuzwa tena popote. Wauza vipuri wa soko la Kiseka walimwambia Ocira gari aliuze kwa kilo, kama chuma chakavu. Wangila ndiye aliyesema pampu inaweza kufufuliwa. Aliipima sili ya zamani, akafumba macho, akakumbuka kwamba kuna injini ya mashine ya kusaga mahindi inayotumia sili ya kipimo hicho hicho. Alizunguka Bwaise siku mbili, akazipata mbili tu, kwa mtu aliyekuwa akifunga duka. Hapakuwa na fundi mwingine Kampala nzima ambaye angekumbuka jambo kama hilo, na Nafuna alijua hivyo.

Jumamosi ilikuwa misa ya kumbukumbu ya marehemu, huko Gulu. Ocira alikuwa amemwahidi mama yake kwamba atafika na gari hilo, ampeleke nalo kanisani.

"Nipe mimi niiweke," alisema Nafuna. "Wewe unielekeze."

"Hiyo si suruali, Mama Nakhisa."

"Najua si suruali. Na Ocira anakuja kesho saa nane."

Wangila alizitazama nyumba za majirani, moja baada ya nyingine, madirisha na milango. Kisha akashusha pumzi.

"Funga geti," alisema.

Walianza kwa sigiri. Nafuna alichochea makaa, akateleka sufuria kubwa ya maji, akalitumbukiza gamba la pampu mpaka likapata moto kiasi cha kutoshikika.

"Alumini ikipata joto inatanuka," alisema Wangila. "Beringi inaingia yenyewe, bila nyundo. Lakini ukichelewa inabana katikati na haitoki tena. Ukishaliopoa usifikiri, usiniangalie mimi. Weka tu."

Aliliopoa kwa vitambaa viwili, akaisimamisha beringi kwenye mdomo wa gamba, akaiachia. Ilishuka taratibu kama mguu unavyoingia kwenye kiatu cha saizi yake.

"Zungusha kidogo. Unaona kile kitundu cha skrubu pembeni? Kilingane na mfereji. Hapo. Simama hapo hapo."

Gamba lilipopoa Wangila alimwambia anawe kwa sabuni mara mbili, kisha yeye mwenyewe akaufuta uso wa sili kwa spiriti bila kuigusa kwa kidole, kitambaa kikiwa kimevutwa kati ya meno yake na mkono wake wa kushoto. Kisha Nafuna aliiweka mahali pake, akaifunika kwa kipande cha bomba, akaiingiza yote kwenye jiliwa. Akawa anauzungusha mkono wa jiliwa robo kwa robo.

"Utausikia unakuwa mgumu ghafla," alisema Wangila. "Ukiusikia, acha. Usiongeze hata ukucha."

Aliusikia. Aliacha. Alikuwa ameshona kwa miaka thelathini, na uzi unapotaka kukatika humwambia mtu kabla haujakatika. Alishangaa kuona chuma nacho kinasema hivyo hivyo.

Kilichobaki ni kile kigurudumu. Kati yake na gamba ilitakiwa nafasi nyembamba, ya unene wa jani la bati ambalo Wangila alilitoa kwenye kikasha chake. Ikizidi, maji hayasukumwi vizuri. Ikipungua, chuma kitasuguana na chuma. Nafuna alilipitisha jani hilo huku na huku, akakaza, akalipitisha tena.

"Linapita?"

"Linapita kwa shida."

"Shida gani? Kama ya kisu kwenye siagi au kisu kwenye mkate?"

"Kwenye mkate wa jana."

Wangila alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, cha kifuani, ambacho Nafuna hakuwa amekisikia tangu waliporudi kutoka hospitalini.

"Ungezaliwa mwanamume ningekuajiri," alisema.

"Ungenilipa nini?"

"Chakula."

"Hicho ninakipika mwenyewe."

Waliijaza pampu maji, wakaziba matundu, wakaining'iniza kwa waya juu ya gazeti kavu. Walikaa kwenye kigoda kimoja kuitazama, mpaka adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa na kwisha. Gazeti halikupata hata nukta moja. Wangila alimwekea mkewe mkono begani. Ulikuwa ukitetemeka, na Nafuna aliuhisi kupitia nguo, naye hakusogea ili mkono usije ukaondolewa.

"Usimwambie mtu," alisema Wangila.

"Nitamwambia nani?"

Walikuwa wamepanga kuifunga pamoja Ijumaa asubuhi, lakini Ocira alikuja saa tano badala ya saa nane. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye malori mawili yanayopeleka mizigo Juba, na Kiswahili chake alikiokota barabarani alipokuwa bado dereva. Alikaa kwenye kigoda, akakunja mikono, akawa kama mtu aliyekuja kuangalia mpira.

"Wewe fanya kazi yako, fundi," alisema. "Mimi niko tu hapa. Nimekosa usingizi juu ya hii gari."

Wangila aliingia chini ya boneti akampa mgongo. Bolti za pampu alizifunga vizuri. Spana ndefu husamehe mkono unaotetemeka. Mkanda aliuvuta ukakaa. Mpira wa juu wa rejeta, unaopitisha maji ya kupoza injini, aliuingiza, akaubana. Wa chini ndio uliokuwa kwenye kona mbaya, na kibanio chake kilikuwa na skrubu ndogo iliyotaka bisibisi nyembamba na mkono uliotulia. Nafuna alikuwa akimwona kupitia dirishani. Aliona bisibisi ikiteleza mara ya kwanza, na ya pili. Mara ya tatu aliuona mgongo wa mumewe ukikakamaa, akamwaga chai kwenye vikombe akatoka nayo.

"Nikushikie tochi, Baba Nakhisa?" aliuliza kwa sauti ya chini. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye mpira.

"Rudi kwenye cherehani," alisema Wangila.

Hakupaza sauti, ila aliisema ili isikike. Ocira alicheka.

"Mama naye anataka ufundi."

"Wanawake wa siku hizi," alisema Wangila, naye akacheka.

Nafuna aliweka sinia chini, akarudi ndani. Alikaa mbele ya cherehani bila kushona.

Injini iliwaka walipojaribu mara ya pili. Ilikohoa, ikatulia, kisha ikaanza kutoa mngurumo mzito uliotikisa vioo vya nyumba. Ocira alisimama mlangoni mwa gari, amefumba macho.

"Hii ni sauti ya kaka yangu," alisema.

Waliiacha iungurume dakika kumi. Sindano ya joto ilipanda mpaka katikati, ikakaa hapo. Chini ya gari palikuwa pakavu. Kwa miaka yote Nafuna alikuwa amemsikia mumewe akiwaambia vijana wa gereji kitu kimoja: mpira mpya ukishapata moto unalegea, kwa hiyo gari litembezwe, lizimwe, na vibanio vyote vikazwe tena. Alingoja amsikie akisema.

"Ingekuwa vizuri tulitembeze kidogo, kisha niangalie tena," alisema Wangila. Aliisema kama mtu anayemkaribisha mgeni chakula huku akijua hakitoshi.

"Fundi, mimi nakuamini," alisema Ocira. "Saa hizi Jinja Road imejaa. Acha niende nipange safari."

Wangila hakumbishia. Alifunga boneti.

Ocira alirudi Jumapili mchana, nyuma ya boda boda. Wangila na mkewe walikuwa wametoka kanisani, hawajabadilisha nguo. Alikataa kiti. Shati lake lilikuwa lile lile la safari, na suruali ilikuwa na tope magotini.

"Gari imelala Luwero," alisema.

Nafuna alikisogeza kiti karibu naye tena.

"Tulitoka saa kumi na moja asubuhi. Inaenda vizuri, mimi naimba. Mara moja sindano inapanda, fyuu, mpaka mwisho. Kabla mimi sijapata pahali pa kusimama, moshi imejaa, injini imeshika. Haizunguki tena. Nilingoja pale masaa matatu. Nilifika Gulu juu ya lori ya mihogo, misa imeisha."

"Pole, Bwana Ocira," alisema Nafuna.

"Mama yangu walimvalisha asubuhi, wakamweka kwenye kiti nje ya geti. Ana miaka themanini na nne. Alikaa kwenye hicho kiti mpaka jua ikazunguka nyumba. Wakimwambia aingie ndani, anasema hapana, gari ya mtoto wangu inakuja." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mimi sikuja kugombana, fundi. Nataka tu kujua. Pampu ilikuwa nini?"

Wangila alikuwa amesimama, mikono yote miwili ndani ya mifuko ya suruali yake ya kanisani. Nafuna aliona kitambaa cha mfuko wa kulia kikicheza.

"Pampu sikuitengeneza mimi," alisema Wangila.

"Sema tena."

"Nilikuwa na homa siku ile. Nilimwachia mke wangu. Nilimwelekeza, nikadhani amefuata nilivyosema."

Ocira alimgeukia Nafuna polepole. Nafuna alikuwa ameshika Biblia na pochi yake, na viatu vilikuwa bado vinambana. Alikuwa na maneno ya kusema, na alijua kwa uhakika, kama anavyojua pindo la nguo aliyoikata mwenyewe, kwamba pampu ile haikuvuja. Alimtazama mumewe. Wangila alikuwa akiangalia mlango wa jirani.

"Ni kweli, mama?" aliuliza Ocira.

"Ni kweli pampu nimeitengeneza mimi," alisema Nafuna.

Ocira alitikisa kichwa mara nyingi, taratibu. "Kale," alisema kwa Kiganda, yaani haya basi. "Gari ya marehemu mmepatia mama wa cherehani." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani, akaenda zake kwa miguu.

Usiku walikula pamoja. Nafuna alimkatia mumewe nyama vipande vidogo kama alivyokuwa akifanya kila siku, akamsogezea kijiko.

"Ulitaka nimwambie nini?" aliuliza Wangila mwishowe.

"Sijasema kitu."

"Ungesema basi. Unikasirikie. Hivi unavyonyamaza ndivyo unavyoniua."

"Kula, Baba Nakhisa. Kinapoa."

Habari ilitembea mtaani kwao Kisugu kwa njia zake. Jumatano alikuja Kaltumi, mama wa Kinubi wa nyumba ya tatu, ambaye tangu mwezi uliopita alikuwa amempa Nafuna kitambaa cha kushona nguo za harusi ya binti yake Rahmah. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akauliza habari za Nakhisa, akauliza habari za mvua, akaulizia tena habari za Nakhisa.

"Mama Nakhisa, usinifikirie vibaya," alisema. "Nimesikia siku hizi una mambo mengi. Ya magari."

"Nguo za Rahmah nimeshakata, Hajati. Ijumaa zingekuwa tayari."

"Najua, najua. Ila unajua wasichana. Amepata mtu mjini." Kaltumi alikuwa akizungusha bangili yake. "Anaogopa kitambaa kisije kikaharibika."

Nafuna aliinuka. Alivikusanya vipande vyote, mikono, viuno, kola, akavikunja kimoja kimoja na kuvifunga kwa utepe. Aliviweka kwenye mfuko, pamoja na vifungo vilivyobaki. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Kaltumi aliupokea mfuko kwa mikono miwili, akashukuru mno, kuliko ilivyotakiwa.

Wangila alikuwa barazani, amesikia yote. Kaltumi alipopita alimsalimu, naye akaitika. Kisha aliinuka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na huko alikaa mpaka jioni. Nafuna alijiambia kwamba mumewe akiingia atasema neno. Hakuhitaji refu. Aliingia, akauliza kama kuna maji ya kuoga.

Ilipita wiki nyingine kabla Ocira hajarudi. Safari hii alikuja na gari lake la kawaida, akashuka na mfuko wa plastiki. Wangila alikuwa kwenye kigoda. Nafuna alikuwa ndani kwenye cherehani, mlango wazi, akitia viraka kwenye mashati ya shule, kazi pekee iliyokuwa ikimjia.

"Fundi Otema wa Luwero amefungua injini," alisema Ocira. Alitoa pampu kwenye mfuko, akaiweka juu ya jiliwa. Ilikuwa kavu na safi. "Hii hapa anasema ni nzima. Anasema hajaona mtu wa kufunga sili namna hii siku hizi. Mpira wa chini ndio ulichomoka. Na hii ndio ilikuwa imeshika mpira." Akatoa kibanio, akakiinua kwa vidole viwili. "Skrubu yake haikukazwa. Ilizungushwa mara mbili tatu, ikaachwa."

"Huyo Otema ni mwongo," alisema Wangila.

"Fundi."

"Mtu akishindwa kufufua injini anatafuta wa kulaumu. Mimi kazi hii nimeifanya kabla yeye hajazaliwa."

"Mpira ulifunga nani?"

Wangila aliigeukia pampu juu ya jiliwa, akaitazama chini yake.

"Maana mimi nilikuwa nimekaa hapa," alisema Ocira. "Nakumbuka nani alikuwa chini ya boneti." Alichukua bisibisi nyembamba kutoka kwenye kikasha, akampa Wangila, mpini mbele, pamoja na kibanio. "Nionyeshe tu ulifanyaje. Pengine skrubu yenyewe imekufa. Nionyeshe, nijue, niache kufikiria."

Hakuwa na nia mbaya. Nafuna aliliona hilo usoni mwake, na baadaye angetamani kama Ocira angekuwa mtu katili, kwa sababu katili huchukiwa na mambo yakaisha.

Wangila alivipokea. Alikishika kibanio kwa mkono wa kushoto, akaipeleka bisibisi kwa wa kulia. Ncha ilipita kando ya skrubu. Aliirudisha, ikapita upande wa pili. Aliuegemeza mkono kwenye goti, akajaribu tena, na chuma kikaanza kugonga chuma kwa mfululizo, tiki-tiki-tiki, sauti ndogo iliyojaza uwanja. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Aliuma midomo. Kibanio kilimponyoka, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Ocira.

Mlango ulikuwa wazi. Nafuna angeweza kufika pale kwa hatua nne. Angeweza kukiokota, au kuleta chai, au kusema simu inaita. Mambo kama hayo alikuwa ameyafanya mwaka mzima, sokoni, kanisani, mbele ya kasisi na mbele ya mtoto wao. Alibaki ameketi, mguu kwenye kanyagio. Aliangalia mpaka mwisho.

Ocira aliinama, akaokota kibanio. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Basi, mzee," alisema. Aliitoa bisibisi mkononi mwa Wangila kwa upole, kidole kwa kidole. "Basi. Imetosha."

Wangila alikuwa akiangalia chini.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniletea gari?"

Ocira alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na swali lilikuwa la kweli.

"Hapana," alisema.

Alisimama kidogo zaidi, kana kwamba kuna kitu alichokuja nacho ambacho hajui pa kukiweka. Alipogeuka kwenda alimwona Nafuna ndani kwenye cherehani, akasita.

"Kazi yako ilikuwa nzuri, mama. Ile siku nilisema vibaya."

"Asante," alisema Nafuna.

Pampu aliiacha pale pale juu ya jiliwa. Injini ilikuwa imepasuka. Haikuwa na kazi nayo tena.

Siku ile ile Wangila alimpigia simu Nakhisa, akamwambia mwenyewe, kwa sentensi tatu. Kisha alimpigia ndugu yake wa Kimilili, kule kwao Bungoma. Jiliwa, spana na vikasha vyote vilichukuliwa na fundi mmoja wa jirani aliyevipakia kwenye pikapu huku akiepuka kumtazama. Ilikubaliwa kwamba Wangila aende kwa ndugu yake, na Nafuna abaki kwanza, kwa sababu cherehani ilikuwa hapa na wateja wachache waliobaki walikuwa hapa, na vidonge vilitakiwa kununuliwa na mtu.

"Utakuja lini?" aliuliza Wangila walipokuwa wakifunga sanduku.

"Mwisho wa mwaka. Sijui."

"Nilikusingizia, Mama Nakhisa."

Nafuna alikuwa akikunja sweta. Alikuwa amelingoja neno hilo kwa siku kumi na nane, akilipangia majibu, mengine makali na mengine ya huruma. Sasa lilipofika halikukuta jibu lolote limebaki.

"Ndiyo," alisema, akaliweka sweta sandukuni.

Ofisi ya mabasi ilijaa watu asubuhi ile, wengi wao Wakenya wanaorudi nyumbani na magunia na watoto. Walipanga foleni. Wangila alikuwa amevaa koti lake la kijivu, na mkono wa kulia alikuwa ameuingiza ndani ya koti, kama mtu aliyeumia. Walipofika dirishani karani, msichana mwenye miwani, alisukuma karatasi na kalamu.

"Wanaovuka mpaka wanajaza hii. Haraka bwana, haraka sebo."

Wangila aliitazama kalamu. Nyuma yao kulikuwa na watu wapatao thelathini, na mmoja wao, muumini wa kanisa lao, alikuwa ameshawasalimu. Aliutoa mkono ndani ya koti. Ulitoka ukitetemeka mbele ya wote, na hakujaribu kuushika. Aliichukua kalamu, akampa mkewe.

"Andika wewe," alisema.

Nafuna aliinamia dirisha. Aliandika jina, uraia, namba ya kitambulisho ambayo aliijua kwa moyo. Aliandika Bungoma mahali pa kushukia. Mstari uliofuata ulimfanya asimame.

"Kazi," alisoma. "Niandike fundi?"

Nje basi lilikuwa limewashwa, na Nafuna alimwona Wangila akiisikiliza injini, kichwa kimeinama upande kidogo, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Andika hakuna," alisema.

"Nyabo, mama, watu wanangoja," alisema karani.

Nafuna aliandika hakuna, kwa herufi nzuri, akaigeuza karatasi mumewe aione, kisha akaisukuma dirishani. Karani aliigonga muhuri bila kuisoma, akamwita aliyefuata.